Kilichopungua Kwenye Betri

Benchi liko chini ya dirisha langu la mbele. Ni mbao mbili zilizopigiliwa misumari juu ya matofali, na mguu wa upande wa kushoto si mguu, ni kopo la rangi lililojazwa mchanga. Hapo nauza kahawa kuanzia saa moja asubuhi, na hapo watu watatu hukaa kama wameajiriwa. Wa kwanza ni Koma, mwalimu mstaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hatujawahi kumsikia akimaliza sentensi ndefu; akifika mwisho anapumua kidogo, kisha anaendelea. Wa pili ni Gia, dereva wa lori ambalo liko gereji tangu mwezi wa pili. Wa tatu ni Fundi, mwenye kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara. Mwaka jana alichora betri kubwa ukutani kwake ili kujaza nafasi, na tangu siku hiyo watu wakaanza kumletea betri. Jumamosi ninayoisimulia walinikuta sina maneno mengi. Nilikuwa na mayai hamsini ndani, na betri iliyokuwa inakufa.

Mayai yalikuwa kwenye mashine ya kutotolea, siku ya kumi na nane. Zilibaki siku tatu. Umeme wa mtaa ulikatika Jumanne, transfoma ikaungua, na walioahidi kuja walikuwa bado wanaahidi. Mchana paneli ya jua iliyo juu ya bati inatosha. Usiku kazi ni ya betri, na betri ilikuwa imezima saa kumi alfajiri ya siku hiyo, nikaamka kuizungushia mashine mablanketi na chupa za maji ya moto kama mgonjwa. Usiku mwingine wa namna hiyo vifaranga wangefia ndani ya maganda. Kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja, na nilitaka kulijua kabla ya saa sita mchana ili jua libaki la kuchaji: niiwekee nini betri yangu.

— Haijafa hiyo, — alisema Fundi, akipuliza kikombe. — Ina njaa tu. Mwezi uliopita si niliiongezea tindikali, ikafufuka?

— Ilifufuka siku nne, — nikasema.

— Basi ongeza tena.

— Ikilala tindikali, ikilala tindikali, — alisema Gia. — Hata mimi ukinimwagia tindikali nitaamka. Shemeji, weka maji. Lori langu nililiwekea maji miaka sita.

— Lori lako liko wapi? — Fundi akamuuliza.

— Gereji.

— Haya.

Koma alikuwa ameinua kidole muda wote huo, kama zamani darasani, ila sasa ni yeye aliyesubiri kuruhusiwa.

— Mnabishana kwa midomo mitupu, — alisema, — wakati siku hizi kila kitu kimeandikwa, kuna kamusi elezo nzima kwenye mtandao, kwa Kiswahili, ya bure, mtu unaandika neno betri na inakwambia betri ni nini, imeanzaje, inatunzwaje,

Alikuwa amepumua na yuko karibu kuendelea, nikamwita binti yangu. Yuko kidato cha pili. Alikuwa mlangoni anachambua mchele, na simu yangu iko kwenye ungo pembeni ya mchele, mahali nilipomkataza kuiweka.

— Tusomee makala ya betri, — nikamwambia.

Akaitafuta. Haikuchukua muda, na kuisoma hakukuchukua muda zaidi.

— "Betri ni chombo cha kuhifadhi umeme. Betri zina faida nyingi. Betri ikipungua nguvu iongezwe tindikali. Betri ni muhimu katika maisha ya binadamu."

— Endelea, — alisema Koma.

— Imeisha, babu.

Fundi aliegemea ukuta wangu kama mtu aliyeshinda kesi.

— Iongezwe tindikali, — alisema taratibu. — Si mimi. Ni kamusi.

Nilikuwa tayari nimeshavua kanga ya kiunoni ili nimfuate kibandani akanipimie hiyo tindikali, binti akasema:

— Ila hapa juu kuna tangazo. "Makala hii ni fupi mno na inahitaji kuboreshwa. Unaweza kusaidia kwa kuihariri."

Koma akaweka kikombe chini.

— Nani anaweza kusaidia?

— Yeyote, babu.

— Sisi ni yeyote, — alisema Koma, na kwa jinsi alivyovuta shati lake nikajua asubuhi yangu imekwenda.

Nikawaambia sina shida na makala, nina shida na betri. Koma akanijibu kwamba makala ikinyooka betri itanyooka, kwa sababu tutakuwa tunajua. Nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu usiku uliopita na maneno hayo yakanipita nikiyaona yana akili. Nikakaa. Nikasema tufanye haraka.

— Mwanangu, andika, — Gia alimwambia binti. — Betri isiwekwe chini kwenye saruji. Saruji inanyonya chaji.

— Inaipeleka wapi? — nikauliza.

— Haiipeleki, shemeji, inakaa nayo. Kwani wewe hujashangaa kwa nini nyumba za zamani zina joto?

— Yangu iko juu ya ubao.

— Ubao uko juu ya nini?

Fundi akasema hilo la saruji ni la madereva, yeye ataongeza la kitaalamu.

— Andika: betri ina kumbukumbu. Ukiizoesha kuzima saa kumi alfajiri, itazima saa kumi alfajiri hata ukiijaza hadi juu. Imeshakariri.

— Kama mlinzi wa gereji, — alisema Gia.

— Kabisa. Dawa yake ni kuihamisha chumba, ili isijue ni saa ngapi.

Binti aliandika. Yeye huandika chochote anachoambiwa, ila nikimwambia mimi aandike orodha ya sokoni ndiyo kalamu inapotea.

— Yote hayo ni ya pembeni, — alisema Koma, — kwa sababu mwanzo wenyewe wa makala umekosea, betri haihifadhi umeme, umeme hauhifadhiki, betri ni metali mbili zisizopatana, zimefungiwa kwenye boksi moja lenye maji makali, kila moja inataka kitu cha mwenzake, na ule ugomvi wao ndio unaowasha taa,

Hiyo ndiyo sentensi pekee ya asubuhi ile niliyoielewa papo hapo.

— Na ugomvi ukiisha? — nikauliza.

— Taa inazima.

— Andika hiyo, — nikamwambia binti. — Hiyo ni kweli.

Gia akanitazama kwa upande.

— Shemeji, bado tunaongelea betri?

— Mimi naongelea betri.

Saa ilikuwa tatu na nusu wakati huo. Nikawamiminia mzunguko wa pili. Nikaingia ndani, kipimajoto cha mashine kilisoma thelathini na saba, nikaweka sikio kwenye kioo. Kuna yai moja lilikuwa linagonga, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hana uhakika nayo. Niliporudi, mjadala wa benchi ulikuwa umefika mbali.

— Umeme wa mawingu si sawa na umeme wa jua, — Gia alikuwa anasema. — Wiki hii kulikuwa na mawingu Jumatano. Ule umeme wa Jumatano bado umo mle. Ni umeme mnyonge. Unakaa chini kama machicha, unazuia mpya usiingie.

— Kwa hiyo? — Fundi akauliza.

— Kwa hiyo betri ipinduliwe.

— Hakuna anayepindua betri nyumbani kwangu, — nikasema.

— Nisikilizeni, — alisema Fundi, na akashusha sauti kama anauza siri. — Tatizo ni mayai. Kitu chenye uhai ukikiweka karibu na betri kinavuta. Mayai hamsini, roho hamsini. Kwani hamjaona simu ya mama mjamzito inavyoisha haraka?

— Nimezaa mara nne, — nikamwambia.

— Simu yako iliisha?

— Watatu niliwazaa kabla sijawa na simu.

— Na wa nne?

Niliwaza. Wa nne kweli simu ilikuwa inaisha, kwa sababu dada yangu alikuwa anapiga kila saa kuuliza kama nimeshajifungua. Nikanyamaza, na Fundi akapokea ukimya wangu kama ushahidi.

— Mwanangu, andika.

Binti aliandika hadi ukurasa ukawa na sura. Saruji, kumbukumbu, metali mbili, umeme wa Jumatano, roho hamsini. Koma akamtaka auhifadhi. Akabonyeza, akakunja uso.

— Inauliza chanzo.

— Chanzo cha nini?

— Cha kila sentensi. Inasema taarifa isiyo na chanzo itaondolewa.

— Andika Gia, dereva, — alisema Gia. — Miaka kumi na tisa barabarani.

— Inataka kitabu, mjomba. Au kitu kilichochapishwa.

— Leseni yangu imechapishwa.

Koma alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni, mtu anayekubaliana na sheria hata ikimchapa.

— Ni haki yao, — alisema, — kamusi lazima iwe na chanzo, sasa hebu tuangalie hiyo sentensi ya tindikali wenyewe wameipa chanzo gani, tuige,

Binti akatafuta.

— Haina chanzo.

— Haina?

— Haina kitu. Lakini kuna ukurasa wa historia. Unaonyesha nani aliandika nini na lini.

Fundi akasema kahawa yake imepoa, anaomba nyingine. Nikamwambia asubiri.

— "Mwezi wa nane mwaka jana," — alisoma binti. — "Mhariri: Fundi Chaji Namba Moja. Ameongeza sentensi: Betri ikipungua nguvu labda iongezwe tindikali."

Sote tukatazama ng'ambo ya barabara. Ukutani, juu ya ile betri kubwa iliyochorwa, maandishi mekundu yanasomeka mpaka kona ya pili: FUNDI CHAJI NAMBA MOJA.

— Niliona hakuna aliyeandika kitu, — alisema Fundi. — Nikasaidia. Na nilisema labda. Mama, umesikia mwenyewe, nilisema labda.

— Labda yako iko wapi sasa? — nikamuuliza.

— Ngoja, — alisema binti. — Siku tatu baadaye kuna mhariri mwingine. Anaitwa Mwalimu Mstaafu. Ameondoa neno moja. Ametoa na sababu: "Kamusi haiwezi kusema labda."

Koma akanyanyua kikombe akanywa. Kilikuwa kitupu, nilikuwa nakiona.

— Kwa lugha ilikuwa sahihi, — alisema.

Gia alianza kucheka, kisha akaacha katikati, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekumbuka jiko limewaka nyumbani.

— Mwezi wa pili, — alisema. — Mimi niliisoma hiyo. Imeandikwa iongezwe tindikali, bila labda. Nikamwambia Fundi. Fundi akasema naam, ndivyo ilivyo.

— Nilifurahi kusikia na wengine wanajua, — alisema Fundi. — Ndipo nikaacha kuwa na wasiwasi.

— Ukaongeza tindikali kwenye lori? — nikamuuliza Gia.

— Nikajaza mpaka ikafurika. Ikamwagikia nyaya.

— Na lori?

— Si nimeshasema. Gereji.

— Sasa leo ulianzaje na maji?

— Kwa machungu tu, shemeji. Sina sababu nyingine.

Saa ilikuwa tano kasoro. Jua lilikuwa limepanda vizuri juu ya bati, paneli inafanya kazi yake, na nilichokuwa najua tangu asubuhi hakijaongezeka hata kidogo. Hapo ndipo akaja dada mmoja wa kliniki. Ndiye anayeosha na kuchemsha vyombo vya waganga, kila siku hupita na sare yake ya kijani, na kwenye mayai yale hamsini alikuwa ameniagiza vifaranga ishirini. Alitaka aanze ufugaji, banda ameshajenga.

— Dada, hamjambo. Nimepita tu kuuliza, Jumanne iko palepale?

— Inategemea betri, — nikasema.

— Ina nini?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja. Alisikiliza amesimama, mkoba begani, akimtazama kila anayesema kwa zamu. Walipofika kwenye roho hamsini akahamisha mkoba bega la pili. Walipomaliza akauliza:

— Sasa kilichopungua humo ndani ni nini?

— Nguvu, — alisema Fundi.

— Si nguvu. Mnataka kuongeza tindikali, au mnataka kuongeza maji. Mtu anaongeza kile kilichotoka. Kimetoka nini?

Fundi akamtazama Gia. Gia akatazama simu mikononi mwa binti, kana kwamba inaweza kumsaidia. Koma akafungua mdomo, akapumua kidogo pale anapopumuaga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuendelea.

— Kuna aliyeifungua akaangalia? — akauliza tena yule dada.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Swali lake lilikuwa la jikoni, na la jikoni sihitaji kusomewa. Sufuria ya maharage ikikauka motoni chumvi haitoki. Yanatoka maji. Ukiona imekauka ukaongeza chumvi, watoto hawali. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naongeza maji kwenye sufuria, na asubuhi nzima nilikaa kusubiri kamusi.

Betri iko pembeni ya mashine, juu ya ubao. Juu yake nilitandika kitambaa cha kufuma, cheupe, nilichokifuma mwenyewe, ili chumba kisifanane na gereji. Kila Jumamosi nakifua. Niliwahi kukinyoosha hata kwa pasi. Nikakitoa. Kwenye kifuniko, kwa herufi zilizochomoza za ukubwa wa punje ya mchele, kulikuwa na maandishi ya lugha tatu, zote za nje. Binti akainama, akasoma ile anayofundishwa shuleni.

— Inasema: ongeza maji safi ya mvuke tu. Usiongeze tindikali.

Nikamgeukia Fundi.

— Mwezi uliopita si ulikitoa hiki kitambaa?

— Nilikikunja upande mmoja, mama. Kilikuwa kizuri, niliogopa kukichafua.

Kitambaa ni changu.

Fundi alizichomoa nyaya, hilo analijua vizuri, akafungua vifuniko sita vidogo. Tukachungulia kwa zamu. Ndani mabamba ya metali yalikuwa wazi, makavu juu, maji makali yamebaki chini kabisa. Yule dada alichungulia mwisho.

— Ile mashine yetu ya kuchemshia ni hivi hivi, — alisema. — Yanaondoka maji, vyombo vinabaki. Na tunaiwekea hayo hayo ya mvuke, yanayokusanywa mvuke ukipoa, kwa sababu ya bomba yanaacha ukoko mweupe. Ngoja.

Kliniki ni nyumba ya sita kutoka kwangu. Akarudi na chupa mbili, mpira mwembamba na glavu, akasema muuguzi mkuu ametoa ruhusa na anataka kifaranga mmoja. Koma alishika tochi. Gia alitoa miwani yake ya jua akanivalisha mimi, ili maji makali yasinirukie machoni, akasema nafanana na mkaguzi wa mizigo. Nikamimina taratibu, tundu kwa tundu, mpaka mabamba yakafunikwa. Tukarudisha nyaya, tukafungua dirisha. Ilikuwa saa tano na nusu. Jua lilikuwa na saa sita mbele yake.

Watu wa benchi walitaka kumalizia makala. Sikuwazuia, ila nilimwambia binti afute kila kitu walichomwambia, abaki na ugomvi wa metali mbili, na ile ya tindikali aibadilishe. Akaandika: betri ya aina hii ikikauka iongezwe maji ya mvuke, si tindikali. Sehemu ya chanzo akaandika maandishi ya kifuniko, akaweka na picha aliyoipiga. Ikakubali.

Koma aliisoma mara mbili.

— Ingefaa, — alisema, — kuweka labda?

— Hapana, mwalimu, — nikasema.

Jumapili niliamka saa kumi na mbili na nusu, mwanga umeshaingia. Hakuna aliyeniamsha na hakuna kilichokuwa kimezima. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba. Jumanne walitotolewa arobaini na mmoja. Mengine tisa yalikaa kimya. Nadhani ni ule usiku wa mablanketi. Dada wa kliniki alichukua ishirini wake kwenye boksi la dawa, na mmoja wa muuguzi mkuu kwenye mfuko wa koti.

Jumatano nilipofungua dirisha walikuwa wameshakaa. Fundi alikuwa na mteja wake amesimama hapo na betri ya pikipiki, na alikuwa anamwambia maji ya mvuke, si tindikali, imeandikwa kwenye kamusi. Mteja akauliza nani ameiandika. Fundi akasema watu wanaojua.

— Mama, — Koma aliniita, — tulikuwa tunazungumza na wenzangu, sasa hiyo ya betri imekaa vizuri, lakini binti ametuonyesha makala ya kuku, ina mistari mitatu tu, ni aibu, na sisi hapa tuna uzoefu, tumeona mayai hamsini kwa macho yetu, Gia ana nadharia kuhusu yale tisa,

— Umeme wa Jumatano, — alisema Gia. — Nilisema.

Koma akapumua. Nikawaambia kahawa imeisha.

Haikuwa imeisha.